Elimu ya Amani katika Bukavu: Tukisoma Kitabu «La Série Bukavu»

Vijana wetu wanaomaliza masomo ya sekondari wanatuuliza mara nyingi: tusome nini katika iniversite, ili tusaidie inchi iliyochoka na vita? Zamani walitaja uganga, sheria, ualimu. Leo wengi wanataka kusoma amani yenyewe, maana yake kujua vita inatoka wapi, inaendelea kwa nguvu gani, na watu waliokosana wanapatanishwa kwa njia gani. Tamaa hii ni nzuri. Lakini kila elimu inayoomba miaka mitano ya ujana wa mutu inapaswa kujibu swali moja: inafanya kazi kwa faida ya nani?

Kuna kitabu kinachouliza swali hilo bila kuficha, tena kimezaliwa kwetu. Jina lake ni La Série Bukavu: vers une décolonisation de la recherche. Tuseme kwa Kiswahili: Mufululizo wa Bukavu, kuelekea uchunguzi usiokuwa tena chini ya ukoloni. Kilitoka mwaka 2020 katika Presses universitaires de Louvain, inchi ya Ubelgiji, kwa Kifaransa na vilevile kwa Kiingereza. Waliokiongoza ni watano: Aymar Nyenyezi Bisoka, An Ansoms, Koen Vlassenroot, Emery Mudinga na Godefroid Muzalia. Hawa wawili wa mwisho ni waalimu wa hapa Bukavu, mumoja katika ISDR, mungine katika ISP. Bibi Ansoms ni wa iniversite ya Louvain, na Bwana Vlassenroot wa iniversite ya Gand. Ndani ya kitabu kuna maandiko mafupi ya wachunguzi wengi, na wengi wao ni wana wa Kongo wanaotembea katika vijiji kuuliza watu habari za vita. Tunataka kukipima hapa kama mwalimu anavyopima kazi ya mwanafunzi mwenye akili: bila kumupaka mafuta, bila kumuonea.

Kwanza tukumbuke elimu hii ilitoka wapi. Si ya zamani sana. Mwaka 1959 Johan Galtung alianzisha nyumba ya kuchungua amani katika muji wa Oslo, inchi ya Norwe. Mwaka 1973 iniversite ya Bradford katika Uingereza ilifungua masomo yake ya amani. Galtung alifundisha kwamba kuna amani mbili. Ya kwanza ni kunyamaza kwa bunduki tu. Ya pili ni amani yenye haki, ambamo mutu hauawi na risasi, wala hauawi polepole na njaa na uonevu. Katika Eklezya, Papa Yohane XXIII aliandika barua yake Pacem in Terris tarehe 11 ya mwezi wa ine, mwaka 1963. Alionyesha kwamba nyumba ya amani inasimama juu ya nguzo ine: ukweli, haki, upendo na uhuru. Musomaji akumbuke nguzo mbili za kwanza, ukweli na haki, kwa sababu ndizo tutakazotumia kukipima kitabu.

Kwa Bukavu, elimu hii haikuanzia katika vitabu. Iniversite katolika ya Bukavu ilianzishwa mwaka 1989, na kisha miaka mitano tu, mwaka 1994, wakimbizi wengi sana wa Rwanda walivuka Ruzizi. Mwezi wa kumi wa mwaka 1996 vita iliingia mujini, na tarehe 29 ya mwezi huo Askofu mukuu Christophe Munzihirwa aliuawa pale Nyawera. Mwaka 1998 vita ya pili ilianza. Mwezi wa sita wa mwaka 2004 muji ulitekwa na askari wa Nkunda na wa Mutebutsi. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mujini. Mutu wa Bukavu aliyezaliwa mwaka 1985 ameziona siku hizo zote. Na nyuma ya kila vita walikuja wachunguzi.

Kazi yao inaendeshwa namna gani? Mara nyingi ni hivi. Iniversite ao shirika la ng'ambo linapata feza, na maulizo yanatungwa huko huko. Kisha wanatafuta mutu wa Bukavu mwenye diplome, anayejua Kiswahili, Mashi, Kirega ao Kifuliru. Wanamupa mukataba mufupi. Yeye anapanda pikipiki kwenda Kalehe ao Walungu, anapanda ndege ndogo kwenda Shabunda. Anaomba ruhusa kwa shefu, kwa mukubwa wa askari, na wakati mungine kwa mukubwa wa wapiganaji wa porini. Anauliza, anaandika, analala pahali pa hatari. Akirudi, anatuma daftari zake. Mwaka mungine kitabu kinatoka ng'ambo, na jina lake halimo, ao limewekwa chini kabisa kati ya majina ya wanaoshukuriwa.

Waandishi wa La Série Bukavu wanaeleza mambo hayo moja moja. Wanasema juu ya mishahara isiyolingana, juu ya hatari isiyokuwa na bima, juu ya shida za pekee za wanawake wachunguzi, juu ya masikio yanayobeba habari za mauaji hata usingizi unakataa kuja. Wanasema vilevile juu ya mashindano ya wao kwa wao, kwa sababu watu wengi wa muji mumoja wanagombania mukataba mumoja. Andiko moja linabeba katika jina lake maneno yetu ya Kiswahili, «pombe yangu»: linamuonyesha muchunguzi anayeombwa kitu na watu wa kijiji, kwa sababu wanaona yeye anakula kwa habari zao.

Tunakisifu kitabu hiki kwa mambo mawili. La kwanza ni ushujaa. Si kazi nyepesi kumukemea mwenye mufuko wakati kesho utahitaji tena mukataba wake. Wengi wanalalamika mezani jioni, na asubuhi wanacheka naye. Hawa waliandika, na wakaweka majina yao. La pili ni kwamba hawakufanya ugomvi wa ngozi. Waalimu wa Ubelgiji waliweka majina yao pamoja na wale wa Bukavu, na kitabu kilipigwa chapa katika nyumba ya Louvain yenyewe. Aliye na haki ya kushitaki na aliyeshitakiwa waliketi meza moja. Katika inchi yetu, ambamo kila palavere inageuzwa upesi kuwa vita ya makabila, mufano huu ni wa samani.

Sasa tuseme mambo matatu ambayo hayatutoshi.

La kwanza ni hili: kitabu kinaonyesha vizuri ngazi yenye vidato viwili, wa ng'ambo juu, wa Bukavu chini. Lakini ngazi ina kidato cha tatu. Chini ya muchunguzi wa Bukavu anasimama mujane wa Bunyakiri anayeulizwa habari za usiku ule. Anasimama mwenye pikipiki aliyeendesha siku mbili katika matope. Anasimama mwalimu wa kijiji aliyezunguka kuita watu na kuwahakikishia kwamba mugeni si mupelelezi. Tunajua kwamba kitabu hakiwasahau kabisa. Andiko la «pombe yangu» linawataja. Lakini mara nyingi wanaonekana kama shida ya muchunguzi, si kama watu wenye haki yao. Muchunguzi anauliza: jina langu liko wapi katika kitabu cha Gand? Ni swali la haki. Mujane naye angeweza kumuuliza: na mimi niko wapi katika kitabu chako?

Wengine watajibu kwamba jina la mujane linafichwa kwa kumulinda. Ni kweli, na ni lazima. Lakini kuficha jina la mutu si kumunyima matunda ya maneno yake. Tuchukue mufano mukubwa. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi, mwaka 2010, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti inayoitwa Mapping. Inahesabu matukio 617 ya uovu mukubwa yaliyofanyika Kongo tangu mwaka 1993 hata mwaka 2003. Mashahidi walisema, maneno yao yakaandikwa na kupangwa vizuri. Lakini hakuna tribinali ya kimataifa iliyowekwa kwa kuhukumu matendo hayo. Basi mutu wa kijiji akiona muchunguzi mungine anashuka kwenye pikipiki na daftari mukononi, tusishangae akisema: mulikuja, mukaandika, mukaenda. Kosa la wakubwa wa dunia halimuangukii mwanafunzi wa Bukavu. Lakini yeye ndiye mutu wanayemuona kwa macho.

Mezali ya Kiswahili inasema: mugeni aje, mwenyeji apone. Kwa mezali hiyo tunaweza kupima kila uchunguzi. Mwenyeji amepona nini? Hatusemi muchunguzi anunue kila neno, kwa sababu habari inayonunuliwa inapotoka upesi, na masikini atajifunza kusema yale yanayopendeza. Tunasema mambo matatu anayoweza kuyafanya hata mwenye mufuko mutupu: arudi kijijini na kazi yake, aisome mbele ya watu katika luga yao, na akubali waikosoe. Mutu aliyesikia ripoti juu ya kijiji chake, akasimama na kusema «hapo si hivyo», amekwisha kuheshimiwa kuliko yule aliyepewa sabuni na chumvi.

Jambo la pili ni luga. Kitabu kilitoka kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Tunaelewa sababu: mutu akimushitaki mukubwa, anamushitaki katika luga ambayo mukubwa anasikia. Lakini jina la kitabu linaahidi kuondoa ukoloni katika uchunguzi, na mutu wa Kadutu asiyesoma Kifaransa hawezi kujua kwamba muji wake umepewa heshima ya kuitwa kwenye kitabu. Tungependa kuona maandiko haya katika Kiswahili, hata machache.

Tena luga si nguo tu ya mawazo. Tuone mufano wa udongo, kwa sababu magomvi mengi ya Kivu yanaanzia shambani. Katika inchi ya Bushi, mutu aliyetaka shamba la kudumu alimuletea mwami ao shefu wake ng'ombe, na zawadi hiyo inaitwa kalinzi. Kwa kalinzi shamba lilikuwa lake, na watoto wake walilirizi. Neno bwasa ni jambo lingine: ni shamba linalokopeshwa kwa wakati mufupi, na aliyelikopa hana ruhusa ya kupanda humo miti ya kudumu. Mwaka 1973, tarehe 20 ya mwezi wa saba, sheria mupya ilisema kwamba udongo wote ni wa serikali. Kwa mashamba ya desturi sheria iliahidi agizo la Mukubwa wa inchi, na miaka makumi ilipita bila agizo hilo kutolewa. Katika shimo hilo watu wenye nguvu walipita. Mutu wa mujini anapata karatasi ya serikali juu ya mulima ambao jamaa nyingi zilikwisha kutoa kalinzi yake tangu babu zao. Karatasi iko, ng'ombe naye alitolewa. Nani mwenye shamba?

Mwanafunzi anayeandika tu «konfli ya udongo» ameandika kweli, lakini hajaandika kitu kinachoweza kupatanisha watu. Mupatanishi anahitaji kujua: ng'ombe alitolewa? Alipokelewa na nani? Mashahidi ni nani, na nani kati yao yu hai? Ilikuwa kalinzi, ao ilikuwa bwasa ambayo watoto waliisahau? Ukiyatupa maneno haya na kuchukua maneno ya proje, umetupa funguo, umebaki na kufuli. Wachunguzi wa Bukavu wanayajua maneno haya toka utoto wao. Hapo ndipo wanapomupita mugeni, na tungetaka kitabu kiseme jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi: kwamba wao si mikono tu, wala si miguu tu, wanajua kitu ambacho Oslo na Bradford hawawezi kuwafundisha.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Tuseme kesho maombi yote ya kitabu yanakubaliwa. Jina la muchunguzi wa Bukavu linaandikwa juu ya kitabu. Mushahara wake unalingana na wa mwenzake wa Ulaya. Akianguka na pikipiki, bima inamulipa. Haki itakuwa imefanyika, na sisi tutafurahi. Lakini je, watu wa Kalehe watakuwa wamekaribia amani? Si lazima. Haki kati ya wenye elimu ni haki ya kweli, lakini haitoshi kwa wale wasiokuwa na elimu. Kitabu kinaeleza sana namna ya kutafuta habari kwa haki. Hakielezi sana habari hiyo itumikie nini ikiisha kupatikana.

Bukavu ina watu waliojibu swali hilo kwa maisha yao. Askofu mukuu Munzihirwa, Muyezuiti, alikuwa mutu wa masomo makubwa, aliyesoma mambo ya jamii huko Louvain. Elimu yake haikubaki katika sanduku. Aliitumia kusema wazi juu ya wakimbizi na juu ya vita iliyokuwa inakuja, hata siku ile ya Nyawera. Aliyefuata kiti chake, Askofu mukuu Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli mwaka 1999, akaonyesha namna inchi inavyoporwa na watu wake wanavyoonewa. Mwezi wa pili wa mwaka 2000 wakubwa wa RCD walimukataza kukaa Bukavu, wakamupeleka Butembo. Alirudi mwezi wa tisa, na tarehe 4 ya mwezi wa kumi wa mwaka uleule alikufa Roma. Nao walikuwa wachunguzi kwa namna yao: waliuliza, walisikiliza, walihesabu. Lakini waliyoyaona waliyarudisha kwa watu wao, na mama anayeuza ndizi katika soko la Kadutu alifahamu kwamba maneno yale yanamuhusu yeye.

Musomaji atasema: munataka kila mwanafunzi afe kama Munzihirwa? Hapana. Ushahidi wa damu hauombwi katika mutihani wa iniversite. Tena tunajua kwamba katika muji ulioingiliwa na bunduki, kama Bukavu ilivyoingiliwa mwaka 2025, mutu mwenye akili anapima maneno yake, na anafanya vizuri. Mwalimu wa ng'ambo anaweza kungoja siku nzuri, na kuandika akiwa nyumbani kwake. Yule wa Bukavu ana watoto Bagira ao Ibanda. Kwa hiyo hatumuambii aseme yote. Tunamuomba atofautishe kimya na kimya. Kuna kimya kinacholinda masikini aliyekupa habari: hicho ni wajibu, na anayekivunja ana zambi. Kuna kimya kinacholinda mukataba: muchunguzi ameona jambo, hakuna mutu atakayeumia likisemwa, lakini halisemi kwa sababu halipendezi wenye feza ao halikuwa katika maulizo yao. Kimya cha namna hiyo kinaangusha ile nguzo ya kwanza, ukweli. Na zamiri ya mutu inajua tofauti, hata kama mukataba hauijui.

Basi hukumu yetu ni hii. La Série Bukavu ni kitabu chema na cha lazima. Kwa nguzo ya ukweli kimefanya kazi kubwa, kwa sababu kimesema jambo ambalo wote walilijua na wachache waliliandika. Kwa nguzo ya haki kimefanya nusu ya safari: kimeomba haki kwa muchunguzi mbele ya mukubwa wake, na sasa inabaki muchunguzi aombe haki kwa mujane wa kijijini, mbele yake mwenyewe. Nusu hii ya pili haihitaji feza za ng'ambo wala ruhusa ya Gand. Inaweza kuanza mwaka huu, katika kila mémoire inayoandikwa Bukavu.

Kwa kijana anayetuuliza kama aende kusoma elimu ya amani, tunajibu: nenda, lakini ukienda, chukua kitabu hiki ukisome mwaka wa kwanza, kabla hujaonjeshwa mukataba. Jifunze Kifaransa na Kiingereza vizuri, ili asiwepo mutu wa kusema kwa kinywa chako. Lakini usiache Mashi ao Kirega cha mama yako kikauke, kwa sababu ndicho chombo chako cha kazi. Jifunze sheria ya 1973, na jifunze kalinzi vilevile. Na siku utakapomaliza mémoire yako, kabla ya kuifunga kwa ngozi nzuri na kuiweka katika bibliotheki, panda tena ile pikipiki, urudi kule ulikoulizia, uketi chini, uwasomee watu uliyoyaandika.

Walio na mawazo mengine, na zaidi wale ambao wenyewe ni wachunguzi, watuandikie. Karatasi zetu ziko wazi kwa jibu lao, na likituonyesha kwamba tumewahukumu kwa ukali, tutalipiga chapa zima.